Somo la dini: angalia mtoto ambaye si wa dini ya shule

Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yakitoka hapa Busia upande wa Uganda simu hazipumziki. Mtoto wako kapata ngapi, Hesabu ngapi, Sayansi ngapi, SST (maarifa ya jamii) je, na mtoto wa fulani akipata agrigeti 4, ambayo ndo ya juu kabisa, habari inafika mtaa wa Sofia na kuvuka mpaka kabla jua halijazama. Lakini sijawahi kusikia mzazi akiuliza, na dini je? Wala sijasikia hedmasta amesimama kwenye mkutano wa wazazi akatuambia shule yake inafundisha dini vizuri kiasi gani na yeye anajuaje. Tunaambiwa tu hii ni shule ya kanisa, hii ni ya Waislamu, basi tunaridhika, tunalipa, tunarudi nyumbani tukiamini mtoto analelewa.

Mimi nilifundisha SST madarasa ya juu miaka kadhaa kabla sijaingia biashara, na bado nina watoto shuleni, kwa hiyo hili jambo nalijua upande wa chaki na upande wa ada. Na leo ukiniambia nipime shule kwa somo la dini sitaanza na alama. Nitaanza na swali moja tu, mtoto ambaye dini yake siyo ya shule, kipindi cha dini kikifika anakuwa wapi na nani anamfundisha? Mwislamu kwenye shule ya kanisa, Mkatoliki kwenye shule ya Waislamu, Msabato popote pale. Wale wengi wana mwalimu, wana misa, wana shehe ama mchungaji anayekuja kuwatembelea. Huyu mmoja ndo atakwambia kama shule inafundisha dini au inapitisha muda.

Kwa wale hawajawahi kushika karatasi yenyewe, shule ya msingi dini haina mtihani wake, imewekwa ndani ya SST. Karatasi ni ya alama 100, sehemu A ina maswali 40 ya alama moja moja na sehemu B ina maswali 15 ya alama nne nne. Kwenye A, kuanzia 36 mpaka 40 ni dini, kwenye B kuanzia 51 mpaka 55 ni dini. Tano jumlisha ishirini, alama 25, robo nzima ya karatasi. Na kila namba ina swali la Kikristo na swali la Kiislamu, mtoto anachagua moja, akijibu yote mawili kwenye namba hiyo hapati kitu.

Sasa sikia kinachotokea. Kwa sababu uchaguzi ni kwa kila namba, walimu wengi tunaojuana tunawafundisha watoto kuwinda swali rahisi. Namba 36 ya Kikristo ni nyepesi, chukua hiyo, 37 ya Kiislamu imeuliza nguzo za Uislamu na unazijua zote tano, chukua hiyo. Kwa kupata alama inasaidia sana, siwezi kudanganya. Lakini kijana wa Kikristo anaweza kutoka P7, darasa la saba, anajua nguzo tano kwa mpangilio na hajui hata kwa nini jirani yake anaacha duka wazi dakika kumi akaenda kuswali, na Mwislamu akaandika matunda ya Roho Mtakatifu tisa bila kukosea moja na hajui Wakristo wanasherehekea nini siku ya Pasaka. Karatasi itasema wote wamefaulu.

Na muda wenyewe wa kufundishwa uko wapi? Kwenye ratiba ipo, nenda ofisini utaonyeshwa imebandikwa ukutani, lakini darasa la kandideti, wale wanaojiandaa kwa PLE, kipindi cha dini ndo cha kwanza kuliwa na Hesabu. Mwalimu wa Hesabu akichelewa kumaliza topiki anaingia hapo, wa Sayansi naye anaingia hapo, hakuna anayelalamika, hata wazazi tukijua tunafurahi. Halafu termu ya tatu Oktoba imefika, mtihani ni mwanzoni mwa Novemba, ndo watoto wanapewa kijitabu cha maswali na majibu wakremu usiku na mchana. Taja sababu mbili, taja faida mbili, taja mtu aliyefanya hivi. Somo la kumwambia mtoto Mungu ni nani na binadamu mwenzake ni nani linafundishwa kwa pasti pepa wiki tatu.

Nirudi kwa huyo mtoto niliyemsema. Kuna shule moja ya kanisa hapa kwetu, ya serikali, UPE (ule mpango wa elimu ya msingi bure), siitaji jina, ina watoto wa Kiislamu si haba maana mji wetu umechanganyika, Wasamia, Wateso, Wanubi, Wasomali, watu wa kutoka Mbale na Iganga. Kipindi cha dini watoto wa Kiislamu wana njia mbili. Wabaki ndani wasikilize CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, ama watoke nje. Na wakitoka nje hawakai bure, wanapewa fagio ama jerikeni wakachote maji. Mama mmoja jirani yangu alienda kuuliza akaambiwa mwalimu wa IRE, la dini ya Kiislamu, hayupo, serikali haijaleta, na mtoto akitaka kubaki darasani hafukuzwi. Majibu yote ni ya kweli. Lakini msichana wake tangu P4 kila wiki, wenzake wakifungua daftari la dini yeye anashika fagio, na watoto wanaona, wanajifunza kitu hapo hata kama hakipo kwenye silabasi.

Upande wa pili yapo vilevile, nisionekane napiga upande mmoja. Najua shule ya Waislamu, ya kulipia, nzuri tu, Hesabu yao ni moto, watoto Wakristo pale wanafanya IRE kwa lazima kwa sababu wao ndo wameipanga ratiba na hawajaajiri mwalimu wa CRE. Mzazi akiuliza anaambiwa ulijua unaleta mtoto wapi. Na Wasabato ndo kabisa, wao kwenye karatasi wanahesabiwa CRE kama Wakristo wengine, shida yao ni Jumamosi, maana siku hizi shule za kandideti zinafundisha Jumamosi na mitihani ya majaribio inawekwa siku hiyo.

Tukumbuke hizi shule zimetoka wapi maana bila hapo mtu anaweza kufikiri ni roho mbaya ya hedmasta. Uislamu ulifika Buganda 1844 wakati wa Kabaka Suna wa Pili. Wamisionari wa CMS, Waanglikana, wakaja 1877, White Fathers, Wakatoliki, wakaja 1879, na kila walipotua walijenga kanisa na pembeni yake darasa, anayetaka kusoma lazima apite kwenye katekisimu. Wazee wa Kiislamu waliogopa kupeleka watoto kule wasije wakarudi wamebatizwa wamepewa majina mengine, na woga wao ulikuwa na msingi. Ndo maana miaka ya 1940 akina Prince Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu, walihangaika na chama cha elimu cha Waislamu, UMEA, kujenga shule zao, maana watoto wao walikuwa wameachwa nyuma kizazi kizima. Baada ya Uhuru serikali ikachukua usimamizi, ikasema shule ni za watoto wote. Lakini mwanzilishi hakuondoka, na Sheria ya Elimu ya 2008 inamtambua, ana wajumbe wake kwenye kamati ya shule na mwenyekiti anatoka kwake. Sioni ubaya kwa hilo. Makanisa na misikiti ndo ilitoa ardhi, ikafyatua matofali, ikaleta walimu wakati serikali haina mpango na kijiji. Ninachosema, tangu UPE ilipoanza 1997 watoto wakajaa bila kuulizwa dini, na somo la dini likabaki limepangwa kama vile bado ni shule ya mishoni.

Sensa ya 2014 ilionyesha Wakatoliki ni asilimia 39 hivi, Anglikana 32, Waislamu karibu 14, Walokole 11, Wasabato hawafiki 2. Weka hizo namba kwenye darasa la watoto mia moja, na madarasa ya UPE ya watoto mia yapo, utaona karibu 14 ni Waislamu. Kumi na nne! Hao si wa kutumwa maji. Na kumbuka Katiba yetu ibara ya 7 inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 29 inampa kila mtu uhuru wa kufuata dini yake. Ingawa nayo tusiitegemee peke yake, wanafunzi Wasabato waliwahi kukipeleka Chuo Kikuu cha Makerere mahakamani kwa ajili ya mitihani na masomo ya Jumamosi, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na 2006 wakashindwa. Kwa hiyo mzazi anayesubiri jaji amsaidie mwanawe wa P5 atasubiri sana, mambo haya yanamalizika kwa hedmasta na kamati, kwa kukaa na kuongea.

Wengi hapa wataniambia, wewe unahangaika na nini, si tuna madarasa ya Kurani jioni, si tuna Sunday school? Watoto si wanafundishwa dini huko? Wanafundishwa ndiyo, na mimi wa kwangu wanaenda. Lakini kazi ya ustadhi kwenye madarasa ya Kurani ni kumfanya mtoto awe Mwislamu mzuri, asome herufi, ahifadhi sura, ajue kutawadha na kuswali. Kazi ya mwalimu wa Sunday school ni kumleta mtoto kwa Yesu. Hiyo ni malezi ya ndani ya dini na wenyewe wanaijua kuliko sisi. Shuleni watoto wa dini zote wako chumba kimoja, na hapo ndo mahali pekee katika maisha ya hawa watoto mtu mzima anaweza kuwaeleza wote pamoja huyu anaamini nini na yule anaamini nini na kwa nini, na wakauliza bila mtu kukasirika. Nje ya hapo watasikia wapi? Watasikia kwa spika za mihadhara ya sokoni ambapo Mkristo na Mwislamu wanashindana nani amemuaibisha mwenzake, watasikia WhatsApp. Mji wa mpakani kama huu, mtoto atafanya kazi na watu wa kila aina, atauza nao, ataoa ama kuolewa nao, na ndoa za dini mbili hapa ziko kila plot. Asipoelewa akiwa na miaka kumi na mbili nani atamuelewesha akiwa na thelathini?

Sekondari mambo yamebadilika na hapa natoa pongezi kidogo. Mtaala mpya wa O level ulioanza 2020 umefanya dini kuwa lazima S1 na S2 (kidato cha kwanza na cha pili), unachagua CRE au IRE, sambamba na Kiswahili ambacho nacho ni lazima. (Hawa wawili wamefanana shida, wote wamepandishwa cheo na walimu hawapo.) Ukifika S3 dini inakuwa ya kuchagua. Alama za mwisho asilimia 20 inatoka shuleni, kazi ambazo mwanafunzi amefanya pole pole, na 80 inatoka kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, kundi la kwanza kukaa mtihani wa namna hiyo lilikuwa 2024. Mwishoni mwa topiki kuna kazi walimu wanaiita AOI, mwanafunzi anapewa hali ya maisha, tuseme kijiji kina ugomvi wa ardhi ama vijana wameingia kamari, aseme dini yake inamsaidia vipi kushauri. Kwenye karatasi hii ni nzuri sana. Hata silabasi ya zamani ya CRE ilikuwa na topiki nzuri watu wanaisahau, kazi, pesa, starehe, haki, uchumba na ndoa, na kila moja mwanafunzi alitakiwa aitazame leo ikoje, mababu zetu waliionaje, historia ya kanisa inasemaje na Biblia inasemaje. Mtu aliyefundishwa hiyo vizuri alitoka anaweza kufikiri. Tatizo ilikuwa wanafunzi wanakariri pointi sita sita kila upande na hakuna anayewauliza wewe mwenyewe unaonaje.

Na nimeona daftari la AOI la kijana mmoja wa S2 hapa mtaani, kazi imeandikwa vizuri, mwandiko safi, nikamuuliza umefikiriaje hapa akaniambia mwalimu aliandika ubaoni tukakopi. Wote darasa zima wana jibu moja. Hali ya maisha moja, ushauri mmoja, maneno yale yale. Sasa hiyo asilimia 20 inapima nini jamani?

Lakini simlaumu mwalimu haraka. 2022 serikali ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye digrii mpaka milioni 4 kwa mwezi, walimu wa masomo ya sanaa wakagoma mwezi wa sita mwaka huo na wakarudi kazini bila nyongeza, wengi wakabaki kwenye milioni moja hivi. Mwalimu wa dini ni wa sanaa. Huyo anakaa stafruumu moja na mwenzake waliosoma miaka sawa, mwenzake anapata mara nne, halafu unamtaka awe na moyo wa kusoma AOI za watoto mia mbili moja moja. Wengine wanafundisha shule tatu kwa wiki, asubuhi hapa, mchana anapanda boda kwenda kule. Kijana mwenye akili anayeingia chuo leo atachagua kusomea ualimu wa dini kwa sababu gani? Na kwa IRE ni mbaya zaidi maana wanaosomea ni wachache, sisi hapa tuna bahati IUIU, chuo kikuu cha Kiislamu, iko Mbale tangu 1988, si mbali, ndo tunapata wawili watatu.

Ng'ambo ya pili Kenya, hatua chache tu kutoka kwetu, wao wana CRE, IRE na hata ya Wahindu, HRE. Sisemi Kenya wamemaliza, wazazi wa upande ule tunaongea nao sokoni wanalia yale yale ya walimu. Lakini kule kuwa na ya Wahindu kwenye mtaala wa taifa kunaonyesha kuna mtu alikaa akawafikiria watoto wachache. Huku familia za Kihindu za Jinja na Kampala watoto wao wanachagua CRE au IRE, hakuna cha tatu.

Kitu kingine kinachonisumbua ni watu kupima somo la dini kwa adabu. Utasikia, ile shule ya masista watoto wana heshima, wanapiga magoti kusalimia, ile ya mashehe wasichana wanavaa vizuri, basi dini inafundishwa. Adabu naipenda, nani haipendi. Lakini nimefanya kazi shule ambayo adabu ilitoka kwenye kiboko, na kiboko sheria yetu ya watoto iliyorekebishwa 2016 imekikataza shuleni, na aliyekuwa anachapa zaidi ndo huyo huyo aliyekuwa anaongoza sala ya asubuhi. Watoto wale walikuwa kimya. Ukimya huo wageni waliusifu kila mwaka.

Basi wazazi wenzangu mkinialika kuangalia shule, haya ndo ninayoyatafuta. Kwanza naomba daftari la dini la mtoto yeyote wa P5 au P6, siyo la yule wa kwanza darasani. Naangalia tarehe. Kama kati ya Februari na Mei kuna kurasa tatu, nimeshajua. Halafu naangalia kama kuna mahali mtoto ameandika kwa maneno yake, hata mistari miwili. Kisha naongea na mtoto, simuulizi taja, namwambia nieleze, Waislamu wanafunga kwa nini, Wakatoliki wanapakwa majivu ya nini, na namuuliza ile ambayo siyo dini yake. Jibu lake linanitosha kuliko ripoti. Mwalimu naye namuuliza, mtoto akikuuliza swali gumu la dini yeye wa dini nyingine unafanyaje? Wapo wanaosema namwambia aende akaulize kwao. Siyo jibu baya sana ila nasubiri nisikie na akirudi?

Kuna mwalimu mmoja, madamu wa P6, Mprotestanti, alinifundisha kitu kuhusu hilo na hajui kama alinifundisha. 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianzana, Ramadhani tarehe 1 Machi na Jumatano ya Majivu tarehe 5, zikapishana siku chache tu, na darasani kwake kulikuwa na watoto wanaofunga na wasiofunga na wengine wanafunga nusu siku kwa kushindana. Akaacha topiki aliyokuwa nayo akafundisha kufunga, dini zote mbili pamoja, ubao ameugawa. Kabla ya hapo alikuwa amepita kwa ustadhi wa msikiti wa karibu akamuuliza asije akasema uongo. Mtoto mmoja wa kiume akanyanyua mkono akauliza, sasa Mungu anapata nini sisi tukikaa na njaa? Darasa likacheka. Shule nyingine mtoto huyo angeambiwa asikufuru. Yeye akaliandika swali ubaoni kama lilivyo, akawaambia kila mtu aende nalo nyumbani aulize baba, mama, shehe, padre, bibi, mchungaji, yeyote, alete jibu Alhamisi.

Alhamisi nilikuwa pale kwa mambo mengine, nikakaa nyuma. Majibu yalikuja ya kila aina. Mmoja alisema bibi yake kamwambia ukiwa na njaa ndo unamkumbuka mwenye njaa. Msichana wa Kiislamu akasema shehe amemwambia Mungu hapati kitu, ni sisi tunaopata, tunajifunza kujizuia. Kijana Mkatoliki akasema padre amejibu karibu hivyo hivyo, na hapo darasa likaangaliana maana hawakutegemea. Mlokole mmoja akasema kwao wanafunga hata mwezi ambao si wa kufunga, wakati wana shida, akaeleza siku mama yake alipolazwa. Hakuna aliyeambiwa amekosea, na madamu mwishoni akaeleza tofauti zilizopo bila kuzificha, kwamba Waislamu kufunga Ramadhani ni faradhi na ni nguzo, kwamba Wakristo wengine wana siku maalumu na wengine hawana, kwamba makusudi yanakaribiana lakini imani juu ya Yesu na juu ya Mtume haifanani na asiseme mtu zinafanana. Dakika arobaini. Hakuna projekta, hakuna kitabu kipya. Na hakuna mtoto aliyekuwa nje na fagio.

Kuna wazazi waliosikia habari ya kipindi kile wakakasirika, pande zote mbili, wakisema mtoto atachanganyikiwa, atabadili dini. Nawaelewa, na hofu ya wazee wetu wa zamani niliisema hapo juu. Lakini mimi sijaona mtoto aliyebadili dini kwa sababu ya kuelewa ya mwenzake vizuri. Walioniambia wamebadili, ukikaa nao, wengi walivutwa na ndoa, na urafiki, ama na kukosa majibu nyumbani. Hofu yangu mimi ni mtoto anayefundishwa dini ya wenzake kwa lazima mwaka baada ya mwaka bila mtu wa kumfundisha ya kwao, huyo ndo namuona anapotea pole pole huku shule ikimhesabu amefaulu SST.

Kwa sasa hapa mtaani tumeanza kitu kidogo. Kuna shule tatu za serikali zilizokaribiana, mbili za kanisa na moja ya Waislamu, mtu anaweza kutembea kwa mguu kati ya moja na nyingine. Kijana mmoja wa hapa ana cheti cha ualimu wa msingi, Gredi ya Tatu, na ni ustadhi pia, yuko tayari kuzunguka shule mbili za kanisa kufundisha IRE kuanzia P4 mpaka P7, siku tofauti, na madamu mmoja Mkatoliki aliyestaafu amekubali kwenda ile ya Waislamu kufundisha CRE. Hawataki mshahara mkubwa, wanataka nauli na kitu kidogo. Ugumu ni kwamba shule za UPE haziruhusiwi kutoza watoto hovyo hovyo, kwa hiyo tunachanga sisi wazazi wenyewe kwa hiari, pembeni, na msikiti na parokia tumewaandikia barua. Ofisi ya elimu ya manispaa wameomba tuwapelekee orodha ya watoto kwa kila darasa na dini zao, na mshangao wangu ni kwamba shule zote tatu hazikuwa nayo, ndo walimu wa darasa wanaandika sasa hivi. Hedmasta wawili wamekubali vipindi viwekwe muda mmoja ili watoto wagawanyike bila yeyote kukosa Hesabu. Wa tatu anasema lazima kamati yake ikae kwanza, na kamati yake inakaa termu ya pili. Nitakuwepo. Kama shule za huko kwenu, Tororo, Arua, Bombo, Jinja, popote, wameshajaribu mwalimu wa kuzunguka hivi niandikieni hapa chini mlimlipaje na ratiba mliipangaje, maana hapo ndo tunakwama.